Waliofuata Chupa ya Chai

Nchi yetu sitaitaja kwa jina. Si kwamba naogopa, la. Jina lenyewe liliwekwa rehani na bado hatujalikomboa, na anayelitumia ovyo hutozwa ushuru. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, yenye milima, mabonde, na serikali inayotupenda kupita kiasi.

Kwa mapenzi hayohayo serikali ilijenga hoteli. Ilijengwa juu ya Mlima Kivumbo, penye baridi tamu na chemchemi za maji moto, ikaitwa Hoteli ya Taifa ya Faraja ya Kudumu. Ina vyumba vingi kuliko wageni wote waliowahi kuingia nchini, ukijumlisha na waliopotea njia. Siku ya ufunguzi bendi ilipiga, Waziri akakata utepe, akanogewa, akaagiza uletwe utepe mwingine akaukata nao. Kisha watu wote wakashuka mlima kurudi makwao. Hoteli ikabaki na wahudumu wake, wakikaribishana wao kwa wao.

Ndipo Wizara ya Starehe ikatangaza redioni kwamba hoteli hiyo ni mali ya wananchi, na kwa sababu hiyo wananchi wanaruhusiwa kuinunua. Si yote. Kila familia ingenunua wiki moja: wiki yako, chumba chako, kila mwaka, milele. Ukifa, wanao wanairithi, watake wasitake. Mpango ukaitwa Wiki ya Milele.

Wananchi tulishukuru sana na hatukununua.

Wizara haikukata tamaa. Ikatangaza kwamba atakayekubali kwenda kusikiliza tu "maelezo mafupi" atalala hotelini siku mbili bure, atakunywa chai ya asubuhi bure, na atapewa chupa ya chai yenye picha ya Mtukufu Rais akitabasamu. Hakuna kulazimishwa kununua. Sharti lilikuwa moja: waje mume na mke. Mtaalamu wa Wizara alifafanua kwamba mtu aliye peke yake hukataa haraka, lakini wakiwa mume na mke, hakuna apendaye kuonekana mchoyo mbele ya mwenzake.

Mtaani kwetu tukagawanyika. Wengine walisema jambo hilo lina faida: unakaa, unatikisa kichwa, unachukua chupa yako, unaondoka. Wengine wakamtaja mwalimu mmoja aliyepanda mlima kufuata chupa akashuka na wiki tatu za milele, mojawapo ikiwa ya msimu wa mvua za mawe.

Bi Zamoyoni aliwasikiliza wote. Alikuwa mjane, analea wajukuu ambao wazazi wao walikuwa wamekwenda kutafuta maisha. Tangu aolewe mpaka afiwe, na tangu afiwe mpaka siku ile, hakuwahi kuamka asubuhi akakuta chai imechemshwa na mtu mwingine. Hilo tu ndilo alilolitaka. Shida ilikuwa mume.

Jirani yake wa ua kwa ua alikuwa Bwana Chambuso, mjane mwenziwe. Chambuso alikuwa mkaguzi wa tiketi katika reli ya taifa, mpaka taifa lilipoiuza reli kama vyuma chakavu. Watu hawa wawili walikuwa hawapatani kwa ajili ya mpapai wa Chambuso, uliokuwa ukidondosha majani yake yote, kwa makusudi kabisa, juu ya nguo za Bi Zamoyoni.

"Bwana Chambuso!" Bi Zamoyoni aliita siku hiyo juu ya ua.

"Majani nimeshayafagia," Chambuso alijibu kabla hajaulizwa.

"Sikuitii majani. Una suti wewe?"

"Ninayo. Ya kazini, ina vifungo vya reli."

"Itafaa. Nataka uwe mume wangu kwa siku mbili."

Chambuso aliuegemeza ufagio ukutani, akaukosa ukuta, ufagio ukaanguka. Bi Zamoyoni akamweleza habari ya hoteli, maelezo mafupi na chai.

"Wakitugundua je?" Chambuso aliuliza. "Siku hizi kuna kosa la Kuhujumu Ukarimu wa Taifa. Mtu anafungwa."

"Watatugunduaje? Tunagombana kila siku."

"Na kulala?"

"Kitanda changu. Wewe sakafu hazijakuishia nchi hii."

Chambuso alifikiri kidogo. "Na yale maji moto ni kweli yanatoka yenyewe?"

"Yanatoka yenyewe."

"Basi ngoja nikapige suti pasi."

Bi Zamoyoni aliwaacha wajukuu kwa mdogo wake, akawaambia anakwenda kwenye kazi ya serikali. Hakusema uongo.

Hotelini walipokewa kwa nderemo. Wahudumu walikuwa na hamu ya wageni kiasi kwamba mkoba mmoja wa Bi Zamoyoni ulibebwa na watu wanne, na mtu wa tano akiongoza njia. Walifungwa mikononi utepe ulioandikwa "MMILIKI MTARAJIWA", wakaonyeshwa chumba. Kitanda kilichongwa kwa umbo la ramani ya nchi. Kwa upande wa mashariki, kwenye ule mgogoro wetu wa mpaka, seremala alikuwa ameamua kutoegemea upande wowote, kwa hiyo mlalaji miguu ilikuwa ikining'inia. Bi Zamoyoni alilala magharibi. Chambuso alijitandikia ndani ya beseni kubwa la kuogea, akasema amewahi kulala pabaya zaidi, juu ya magunia ya katani, ndani ya behewa lililokuwa linavuja.

Asubuhi waliteremka kwenye ukumbi wa chakula. Mhudumu akaja na birika linalotoa mvuke, akammiminia Bi Zamoyoni kikombe, akaweka mbele yake chapati za moto na mayai. Bi Zamoyoni alikiangalia kikombe kwa muda, kisha akanywa polepole, na machozi yakamlengalenga.

"Moshi?" Chambuso aliuliza.

"Hakuna moshi," alijibu. "Hilo ndilo linaloniliza."

Chambuso akamsogezea sukari. Bi Zamoyoni hakugusa sukari, lakini aliona kwamba amesogezewa.

Kisha wakaitwa kwenye maelezo mafupi.

Aliyewapokea ni Afisa Mwelezaji Nyamizi, msichana mwenye tabasamu lililotolewa na Wizara pamoja na sare. Aliwaonyesha picha za hoteli waliyokuwa wamekaa ndani yake. Akawaonyesha picha za wazee wakicheka. Akawauliza kama wanawapenda watoto wao, wakasema wanawapenda. Kama wanaipenda nchi yao, wakasema wanaipenda. Kama wanapenda kupumzika, wakasema sana.

"Basi mmeshakubali!" Nyamizi alisema, akiwasogezea kalamu. "Bado sahihi tu."

"Hapana, mwanangu," Bi Zamoyoni alisema.

Nyamizi aliingiwa na baridi. "Bibi, naomba usiniambie hivyo mimi. Ngazi yangu inaruhusiwa kupokea ndiyo tu. Hapana hupokelewa na wakubwa."

"Basi niitie mkubwa."

Akaja Mkurugenzi wa Maelezo, mtu mnene mwenye leso. Yeye alimgeukia Chambuso kiume. "Mzee wangu, hebu niambie, bwana wa nyumba ni nani? Wewe si ndiye? Mke mzuri namna hii, utamnyima wiki moja tu kwa mwaka?"

Hapo Chambuso alilegea. Alimtazama Bi Zamoyoni, akaitazama kalamu, na mkono wake ukaanza safari. Bi Zamoyoni akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Huyu hata mpapai wake umemshinda," alisema. "Ataiweza wiki ya milele?"

"Mpapai wangu una kosa gani?" Chambuso aliwaka. "Upepo ndio unaoleta majani, si mimi!"

"Upepo huo mbona hauyapeleki kwako?"

"Kwa sababu hujaanika nguo kwangu!"

Waligombana hivyo kwa muda mrefu, kwa ufasaha na kumbukumbu. Mkurugenzi alijipangusa jasho akamnong'oneza Nyamizi, "Hawa ni wanandoa halisi. Mwite Waziri."

Mheshimiwa Waziri wa Starehe, Profesa Lugendo Mapande, hakuwa mbali, maana naye alikuwa akiishi hotelini ili takwimu za wageni zisionyeshe sifuri. Aliingia, akasubiri makofi, akapigiwa na Mkurugenzi.

"Ndugu wananchi," alianza, ingawa walikuwa wawili tu na karibu yake, "historia itauliza: wakati taifa lilipokuwa linapumzika, ninyi mlikuwa wapi? Mataifa mengine yalijengwa kwa jasho. Sisi, chini ya uongozi wa busara, tumegundua njia ya kulijenga la kwetu kwa usingizi! Kila anayelala hapa anasukuma gurudumu. Kila anayekoroma anaongeza pato la taifa. Je, mtakubali kubaki nyuma, mko macho, wakati wenzenu wamelala?"

"Tutabaki, Mheshimiwa," Bi Zamoyoni alisema. "Hapana."

Waziri hakuwa mgeni wa kazi hii. Aliagiza watenganishwe, Bi Zamoyoni akapelekwa chumba cha pili. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa sababu fungu la matofali lilikuwa limenunua tepe, na kila neno la upande mmoja lilisikika upande wa pili.

"Mzee," Waziri alisema, na sauti yake ikawa ya baridi, "nimekuwa nikikuangalia. Mke anakunywa chai, wewe unamtazama kama mtu aliyealikwa. Huyo kweli ni mkeo?"

Upande wa pili Bi Zamoyoni alishika kiti. Aliwaza wajukuu, aliwaza gereza la Mkungumali, aliwaza namna atakavyomweleza mdogo wake.

"Ni mke wangu," Chambuso alisema.

"Basi niambie habari zake."

Chambuso alikohoa. Kisha akaanza kusema, polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ndani yake. Alisema mke wake hanywi chai ya sukari, hata mtu akijisahau akamsogezea, ingawa akiwa kwa watu huikubali asimkosee mwenye nyumba. Alisema akikunja nguo huimba, na wimbo ukifika katikati huukatisha, hajui kwa nini. Alisema akiwagombeza wajukuu huwa anacheka kwanza jikoni peke yake ndipo anatoka nje amekunja uso. Alisema mwaka ule wa homa mbaya, mke wake alikuwa akiacha uji juu ya ua kwa ajili ya mtu fulani aliyekuwa mgonjwa, na mtu huyo alipopona, asubuhi ya kwanza, mke akamtukana kwa ajili ya majani ili asione haya kwa kusaidiwa.

Waziri alitoa leso ya Mkurugenzi mfukoni mwa Mkurugenzi akapenga nayo.

"Huyu ni mkeo," alisema. "Sina shaka. Sasa tafadhali saini."

"Hapana, Mheshimiwa," Chambuso alisema.

Bi Zamoyoni aliporudishwa hakumtazama Chambuso. Aliketi, akajipangusa vumbi ambalo halikuwapo begani, kisha akalipangusa na la begani kwa Chambuso, ambalo nalo halikuwapo.

Juu ya Waziri ilibaki ngazi moja tu. Mtukufu Rais alikuwa akiishi ghorofa ya juu kabisa, kwani Ikulu ilikuwa imepangishwa kwa kampuni ya kufuga kuku. Alishuka amevaa sweta na kandambili, mtu mpole mwenye macho yenye uchovu, akawaomba maofisa wote watoke nje. Walitoka kinyumenyume mpaka Mkurugenzi akagonga mlango.

Rais aliketi akawatazama. "Mlifuata nini hapa, wazee wangu? Semeni kweli."

"Chai, Mtukufu," Bi Zamoyoni alisema. "Na hiyo chupa yako."

Rais alianza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kuvua miwani. "Na mimi ndivyo ilivyokuwa! Mnajua hoteli hii nimeipataje? Nchi moja ya wenye fedha ilinialika. Hoteli nzuri, suti ya kupimwa, begi la ngozi. Wakasema njoo tu, halazimishwi mtu, kuna maelezo mafupi. Nikasema nitasikiliza, nitachukua begi, nitarudi. Wakanionyesha picha za wazee wakicheka." Aliivaa tena miwani. "Nikarudi na begi, na hoteli, na barabara ya kuja hotelini. Safari ya pili walinipa saa ya mkononi. Ndiyo safari lilipokwenda jina letu."

"Hukusema hapana?" Chambuso aliuliza.

"Kwa nani? Mawaziri niliokwenda nao wote walikuwa wameshapewa mabegi."

Alivuta kiti karibu. Wale wenye fedha walikuwa wamemwalika tena, na safari hii alitaka kufuatana na watu wanaojua kukataa. Angewaandikia pasi za kusafiria kama Mume na Mke wa Taifa. Je, wangekubali kwenda naye? Cheti cha ndoa kingetosha.

Bi Zamoyoni alishusha pumzi. Mbele ya vyeo vyote vile hakutetereka, lakini mbele ya mtu aliyesema kweli, uongo ulimkwama.

"Mtukufu, hatuna cheti. Huyu si mume wangu, ni jirani. Kosa ni langu, yeye nilimbeba tu."

"Sikubebwa," Chambuso alisema. "Nilipiga na suti pasi."

Rais aliwatazama kwa zamu. "Kwa hiyo mmemdanganya Afisa, mkamdanganya Mkurugenzi, mkamdanganya na Profesa Mapande?"

"Ndiyo, Mtukufu."

Rais aliinuka, akaenda mlangoni, akaufunga kwa ufunguo. Bi Zamoyoni alifumba macho.

"Nyamazeni asisikie mtu," Rais alisema. "Ninyi ndio ujumbe bora kuliko wote niliowahi kuwa nao. Cheti cha nini? Pasi nazitia sahihi mimi."

Basi wakaenda. Huko kwa wenye fedha kulikuwa na baridi ya kupasua midomo na mazulia ya kuzama mguu. Walilazwa vyumba vitatu, Chambuso akapewa kitanda kikubwa akakosa usingizi. Asubuhi waliketishwa mezani mbele ya kijana nadhifu na mkalimani, wakaonyeshwa picha ya uwanja wa ndege kwa ajili ya wageni wa hoteli ya pili, itakayojengwa baada ya hoteli ya kwanza kukosa wageni kikamilifu. Rais alifungua mdomo kwa mazoea. Bi Zamoyoni alimkanyaga mguu.

"Hapana," alisema.

Kumbe huko nako hapana hupelekwa ngazi ya juu. Wakaja wakubwa, wakaja wakubwa wa wakubwa. Rais alianza kuizoea ile kazi. Ngazi ya tatu hapana aliitamka yeye mwenyewe, akatazama huku na huku kama mtoto aliyepiga mluzi kwa mara ya kwanza. Mwisho aliletwa mzee mwembamba ambaye hata wenyeji walikuwa hawajawahi kumwona. Mzee huyo hakumtazama Rais wala Bi Zamoyoni. Alimtazama Chambuso, akaviona vifungo vya suti yake, akamnong'oneza mtu.

Likaletwa sanduku la kioo. Ndani yake palikuwa na treni ndogo ikizunguka, yenye mabehewa ya kijani, taa, na king'ora chake.

"Reli mpya," mkalimani alisema. "Na Mkaguzi Mkuu wa Tiketi atakuwa wewe."

Chambuso alisimama. Aliinama juu ya kioo, na treni ilipopita mwanga wake ulimpita usoni. Rais alimkonyeza Bi Zamoyoni amkanyage. Bi Zamoyoni hakumkanyaga. Mtu aliyepoteza kila kitu chake siku reli ilipokatwa vipande, Bi Zamoyoni hakuona kwamba ni haki kumjibia. Alimtazama tu.

"Itapita mtaani kwetu?" Chambuso aliuliza.

"Itapita."

"Itoke hapo iende wapi?"

"Mlimani, mpaka mlango wa hoteli."

"Watu wa kwetu wakifika huko wafanye nini?"

Mkalimani aliuliza, akajibiwa. "Wasikilize maelezo mafupi."

Chambuso aliiangalia treni ikimaliza mzunguko wake na kuanza mwingine. Akaifunga vizuri suti yake vifungo, kimoja kimoja.

"Hapana, bwana," alisema. "Lakini imetengenezwa vizuri."

Mzee mwembamba akapiga kengele wakaletewa zawadi zao, kwa kuwa mkataba ni mkataba: mabegi, miavuli, na saa za mkononi. Ujumbe ulirudi nyumbani bila kusaini kitu chochote, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu tupate uhuru. Serikali ilikusudia kupiga mizinga, lakini mizinga ilikuwa kwa mkopeshaji, kwa hiyo tuliokwenda kupokea tukapiga masufuria. Profesa Mapande alitoa hotuba ndefu kueleza kwamba kukataa kulikuwa wazo lake.

Nami watu wakiniuliza kama kwenda kusikiliza yale maelezo kuna faida, huwaambia sijui. Inategemea umeketi karibu na nani.

Siku ile ya kurudi, kwenye uwanja wa ndege, Rais alikuwa ameshapita na watu wake, wakabaki Bi Zamoyoni na Chambuso kwenye dirisha la uhamiaji, Chambuso akiwa amebeba mabegi yote na mwavuli shingoni. Ofisa alizifungua pasi zao, akazisoma mara mbili, akakuna kichwa.

"Bibi, hapa imeandikwa kwamba ninyi ni mume na mke. Lakini nami ni mtu wa mtaani kwenu, nawajua, ni majirani tu. Naona Ikulu wamekosea. Nikurekebishie?"

Bi Zamoyoni aligeuka. Chambuso alijifanya anahesabu mabegi.

"Utachukua muda?" Bi Zamoyoni aliuliza.

"Si sana, bibi. Nafuta tu."

"Usifute," alisema, akaichukua pasi yake na kuitia kwenye mkoba. "Andiko liko sawa. Ni sisi tuliochelewa, tutamwona sheikh Ijumaa. Bwana Chambuso, lete begi moja hilo nikusaidie, usije ukaanguka ukanipa kazi nyingine."